Jiwe la nyoka lisiwemo kwenye sanduku la huduma ya kwanza

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu na mlezi wa skauti hapa Moshi. Likizo ya Desemba nawapeleka vijana 24 kupiga kambi siku tatu karibu na Mto wa Mbu. Maji, vyandarua na chakula tumeshapanga. Hofu yangu ni nyoka. Mwenzangu amenunua jiwe la nyoka, nyembe mpya na mpira wa kufungia mguu, anasema vinatosha. Ni kweli? Au tununue na sindano ya dawa ya sumu ya nyoka tuibebe wenyewe?

Jibu: Mwalimu, vitoe vyote vitatu kwenye sanduku, na sindano usinunue. Nakuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu swali hili napokea kila likizo ikikaribia, na majeruhi wake nawapokea pia.

Tuanze na jiwe. Kile ni kipande cha mfupa, kwa kawaida wa ng'ombe, kilichochomwa kikawa cheusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vingi vidogo, hivyo ukiuweka kwenye jeraha lenye damu unanata, na ukishalowa unaachia. Uweke kwenye kidonda cha kisu, utanata vilevile. Watu huona limenata wakaamini linavuta sumu. Nyoka aina ya kifutu ana meno marefu, na sumu yake anaiacha ndani ya nyama, nayo inaanza kusambaa muda huohuo. Kipande cha mfupa kilichokaa juu ya ngozi hakiwezi kuifuata huko.

"Lakini fulani aliwekewa akapona." Ndiyo, wapo. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma asiiachie. Mtu huyo angepona hata bila jiwe. Wale ambao sumu iliwaingia hawaendi sokoni kutoa ushuhuda.

Nilimpokea mtoto wa miaka 11 aliyekanyaga kifutu jioni. Waliomsaidia walimchanja kwa wembe, wakambandika jiwe, wakamfunga mpira wa baiskeli juu ya goti, wakasubiri hadi asubuhi. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Ukifunga mpira unaizuia ikae palepale, na damu ya kuulisha mguu nayo unaikata. Tulimkata mguu chini ya goti. Angeletwa usiku uleule bila mpira, naamini angekuwa anatembea kwa miguu yake miwili.

Sasa sindano. Dawa ya sumu ya nyoka hupewa kupitia mshipa, na inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali wa kuua ndani ya dakika chache. Lazima adrenalini iwe tayari na awepo mtu anayejua kuitumia. Mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hampunguzii mtoto sumu. Tena si kila chupa inafaa: zimewahi kuuzwa Afrika dawa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India, ambazo kwa nyoka wetu hazisaidii. Badala ya kununua, wiki hii piga simu hospitali za Karatu na za Arusha, uulize ni ipi ina dawa hiyo stoo leo. Kisha hakikisha gari halitoki kambini na dereva anajulikana, hata saa nane usiku.

Kijana akiumwa, mtulize, mvue viatu, pete na saa kabla hajavimba. Funga mguu kwenye gango kama uliovunjika, abebwe, asitembee. Maumivu mpe parasetamoli, si aspirini wala diklofenaki, maana sumu nyingine huzuia damu kuganda. Akilegea kope, ulimi ukawa mzito na mate hayamezeki, huenda ni koboko, na kinachoua hapo ni kukatika kwa pumzi. Pumzi ikikatika, mpulizieni mdomo kwa mdomo njia nzima hadi hospitali. Nyoka aina ya swila akimtemea sumu machoni, osha kwa maji mengi. Msimsake nyoka. Na hata kijana akijiona mzima, tutamlaza saa 24.

Kujikinga unakujua: tochi, viatu vya kufunika mguu, hema lililofungwa zipu, kuni zikusanywe mchana. Nisisitize mabaki ya chakula tu, maana yanavuta panya, na panya wanamvuta nyoka.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Minadani utamkuta mtu amejizungushia nyoka shingoni, anauza jiwe, unga wa mizizi na chale za kinga ya maisha. Yule nyoka huenda ameshang'olewa meno. Aliyechanjwa chale anaingia porini na kandambili, na akiumwa anakaa nyumbani kwa kuwa "amekingwa". Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Sisi wodini tunaona huko kusahaulika kila wiki: mgonjwa anafika siku ya pili, ya tatu, mguu umeshakuwa mweusi, na kwenye kitambaa alichofungwa limo lile jiwe, familia inaomba lisipotee kwa sababu lina bei. Mwenzako asimpe mtu mwingine hilo alilonunua. Alitupe chooni.