Kabla ya Mazoezi, Nionyeshe Ratiba

SWALI: Ami, assalaam alaykum. Mie ni kijana wa Konde, Pemba. Msimu wa karafuu huchuma, ukisha huzamia pweza. Binamu yangu yuko Maskati. Yeye na wenzake wanakwenda Nepal kupanda Island Peak, mlima wa zaidi ya mita 6,100, na gharama zangu kasema atalipa yeye. Ratiba ya kampuni ni hii: Kathmandu, ndege hadi Lukla na kulala Phakding, kesho yake Namche, kisha Tengboche, Dingboche, Chhukung, kambi iliyo chini ya mlima, na usiku ule ule kuelekea kileleni. Kupanda sikuogopi, mkarafuu naufika hadi tawi la mwisho. Nifanye mazoezi gani? Na sala na chakula huko vikoje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mazoezi nitayasema kwa ufupi, kwa sababu pumzi na miguu tayari unavyo. Kilichonishtua ni ratiba. Itazame tena: kila siku mnalala juu kuliko jana, na hakuna hata kituo kimoja mnacholala mara mbili. Phakding ni mita 2,610, Namche 3,440, Dingboche 4,410, Chhukung 4,730. Sisi tuliopeleka wageni Kilimanjaro tunajua kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu nne unalala pale pale ulipolala jana. Mchana panda utakavyo, usiku teremka. Ndiyo maana wanaopita njia za Lemosho au Machame hupandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 na ushei, wakala chakula cha mchana huku vichwa vinawagonga, halafu wakateremshwa kulala Barranco.

Kwenye mita 5,500 kila pumzi unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni unayoipata hapo Konde. Mwili hujirekebisha, lakini kwa siku zake wenyewe, na hauharakishwi na misuli. Mimi kijana mwenye nguvu ndiye niliyekuwa nikimchunga zaidi, maana hukimbia. Nilikuwa na mmoja, mcheza mpira wa mjini, kila kambi yeye wa kwanza kufika. Kambi ya Barafu nikamkuta mlangoni mwa hema anajaribu kuvaa soksi juu ya kiatu. Nikamchorea mstari kwenye vumbi, apite kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akapepesuka, akacheka, akasema ni usingizi. Haukuwa usingizi, ni ubongo uliokuwa umeanza kuvimba. Tukamshusha usiku ule ule, wawili tumemshika mikono, wala hatukungojea alfajiri. Jifunze mtihani huo wa mstari, umfanyie na binamu yako. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, usipande zaidi mpaka kiache. Mtu akipepesuka, au akikohoa na kuhema hali amekaa kitako, ni kushuka tu, hata ikiwa saa nane za usiku.

Kwa hiyo mwambie binamu yako aidai kampuni siku mbili Namche, siku mbili Dingboche, siku moja ya akiba kwa ajili ya kilele, na nyingine za akiba kwa Lukla, kwani mawingu yakishuka ndege haziruki. Oktoba na Novemba, wageni wanapojaa, ndege nyingi huondokea Ramechhap, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu. Waulizeni nani analipia gari hilo. Waulizeni pia nani mwenye kauli ya mwisho ya kurudi nyuma. Wakijibu kwamba ni mteja, tafuteni wengine. Na bima isomeni mpaka kwenye maandishi madogo: nyingi zinaishia mita fulani, na helikopta ya uokozi si bei ya daladala.

Kilele chenyewe si matembezi kama Kibo. Mtatoka usiku wa manane, mtapita majabali, kisha barafu yenye nyufa, halafu ukuta wa barafu uliotundikwa kamba. Msafara wa Waingereza wa 1953, ule uliofika kilele cha Everest kwa mara ya kwanza, uliutumia mlima huu kwa mazoezi, kwa hiyo usiudharau. Kwenye mkarafuu unakumbatia tawi na vidole vinahisi. Kule umevaa glavu mbili na meno ya chuma chini ya viatu, huhisi kitu, unaiamini kamba. Ningekuwa baba yako, ningekupeleka kwanza Meru au Kilimanjaro kwa njia ndefu ya Lemosho, tukaujua mwili wako ukoje huko juu, ndipo uzungumze na hao wa Maskati.

Mazoezi: mzigo wa kilo kumi mgongoni, vilima vya huko kwenu, saa nne tano mfululizo, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza.

Chakula usihofu. Kila nyumba ya wageni ina dal bhat, wali na mchuzi wa dengu, na huongezewa mpaka ushibe. Nyama iache. Mabonde yale ya juu ni ya Masherpa, Mabudha wasiochinja, na nyama hupandishwa kutoka chini kwa siku nyingi bila friji. Hata tukiweka uhalali kando, tumbo halitakusamehe. Kibla chetu cha kaskazini kisahau, huko ni magharibi. Kupunguza na kukusanya sala unajua. Kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuvua na kuosha miguu, kaa na shehe wako akueleze masharti kabla hujaondoka, maana kuvua viatu kwenye baridi ile ni mtihani.

SWALI: Mwanangu anakwenda Kilimanjaro na wenzake wa skuli. Nimemtayarishia kitunguu thomu na asali kwa ajili ya kichwa. Vinatosha? Mama, Mwanakwerekwe. (Kwetu kuna siko seli.)

JIBU: Bi mkubwa, ulichokiandika kwenye mabano ndicho swali. Mpeleke akapimwe damu kabla hajalipa chochote. Akiwa na siko seli yenyewe, asipande. Akiwa amerithi upande mmoja tu, wengi wa namna hiyo hupanda wakarudi salama, lakini kuna ambao bandama huwadhurika kwa uchache wa oksijeni. Amwambie kiongozi mapema, na akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto asijikaze, ashuke. Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, asinywe kwa kupewa na mwenzake. Aandikiwe na daktari, hasa kama dawa za salfa humdhuru. Thomu mtilie kwenye supu. Nepal nako huuzwa supu yake kwa imani hiyo hiyo; inapasha moto, kichwa haitibu.