Fundi Anajibu: Nimekopa mimi, mbona wanamtumia ujumbe mama mkwe?

Dada Fundi, pole na kazi. Nilikopa shilingi 80,000 za ada ya mtoto kwenye aplikesheni ya mikopo, linki nilitumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Nikachelewa siku mbili tu. Wakaanza kuwatumia watu ujumbe kwamba mimi ni tapeli: mama mkwe, wenzangu wa kikoba, hata baba mwenye nyumba. Hao sikuwaandika popote kuwa wadhamini. Namba zao wamezitoa wapi? Nikiifuta aplikesheni na kubadilisha laini, yataisha?
Mama lishe, Mbagala

Pole sana dada. Hilo la mama mkwe ndilo linalouma zaidi, najua.

Namba wamezitoa kwenye simu yako. Siku ulipoifungua aplikesheni mara ya kwanza, iliuliza mfululizo kama unairuhusu isome majina uliyosevu, ujumbe, picha na mahali ulipo. Mtu anayedaiwa ada hasomi. Anabonyeza "ruhusu" mpaka aione hela. Orodha yako nzima ikanakiliwa kwenda kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo ukiifuta leo, unaizuia isichukue mapya, basi, yaliyokwenda yamekwenda. Ifute hata hivyo, ila kwanza piga picha za skrini: jina lake, kiasi ulichopokea, walichokata, ulicholipa. Na wale waliotumiwa matusi waombe wakupe picha ya ujumbe, namba na tarehe vionekane. Ukienda kulalamika mikono mitupu hawatakuwa na pa kuanzia.

Tangu 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kusoma majina na picha za mkopaji. Yako ilikuja kwa linki, haikupita mlango huo. Mimi mkopo wa linki siugusi, hata riba iwe ndogo vipi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni. Itafute, uone kama yako imo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Jamaa watasema ulikubali mwenyewe. Sawa, ulikubali wewe. Mama mkwe alikubali lini? Namba ni yake, na anaweza kulalamika kwa jina lake, hali kadhalika wenzako wa kikoba. Ningekuwa wewe ningewaomba tuandike pamoja, maana hapo ndipo pana nguvu kuliko kulia kuhusu riba. Vitisho vikizidi, peleka polisi pia.

Deni lenyewe ni jambo jingine, halifutiki kwa malalamiko haya. Lipa kwa njia inayokupa risiti. Usitume kwenye namba binafsi ya huyo anayekutukana.

Hujasema kama uliwapa picha ya kitambulisho cha NIDA, lakini wengi huidai. Kama uliwapa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao huo ifungwe.

Laini usibadilishe. Ukiibadilisha wataendelea kuwasumbua walewale, na wanaokupigia kuagiza chakula cha mchana ndio watakaokukosa.