Mfarishi wa kupakwa rangi ni mfarishi kweli?

Mleta mada umeuliza kama mifarishi iliyochorwa kwa brashi itundikwe safu moja na ile ya viraka kwenye maonyesho, au itafutiwe kona yake. Mimi ni mtu wa viraka miaka mingi, rangi nimeianza juzijuzi, tena kwa kukosea. Nasema itundikwe pamoja, ila sindano ndiyo iamue.

Mfarishi ni tabaka tatu, yaani uso, pamba ya katikati na bitana, zilizoshikwa na mishono inayopenya mpaka nyuma. Uso ulipatikanaje ni habari nyingine. Na wanaodai rangi ni mambo ya juzi wamesahau mengi. Karne ya 18 Ulaya, maua ya vitambaa vya India vilivyopakwa rangi kwa mkono yalikatwa na kushonewa juu ya mifarishi. Marekani, karne ya 19, wanawake walipaka matunda na maua kwa kutumia karatasi zilizotobolewa, na kuanzia miaka ya 1840 wakaandika majina kwa wino kwenye viraka vyenyewe. Faith Ringgold, msanii wa Marekani, naye mwaka 1988 alichora picha kwa akriliki, rangi inayokauka kuwa utando kama plastiki, akaizungushia pindo la viraka. Mbona cherehani nayo ilipigwa vita, na leo nani anaibishia?

Sasa kosa langu. Mfarishi wangu wa kwanza niliupaka akriliki nzito kama napaka ukuta. Ulipokauka ukakakamaa kama turubai. Kupiga bandi tu sindano iligoma, nikaisukuma kwa subana mpaka kidole kikafura. Mshono mmoja ulikwenda upande, nikaufumua, matundu yakabaki yamejipanga kama msafara wa sisimizi, kwa sababu utando wa rangi hauna nyuzi za kusogea na kurudi. Kwa uvivu nikapunguza mishono. Nilipoufua mara moja tu, pamba yote ikakimbilia pembeni.

Uliofuata nilikifua kitambaa kwanza kitoke wanga, nikatumia rangi ya vitambaa iliyozimuliwa, nikaipiga pasi ishike kabla sijaweka pamba. Nilichora kuku. Mwili nikaupaka, manyoya nikayaachia uzi. Paliposhonwa pakabonyea, katikati pakavimba, na ukiupisha mkono unayahisi manyoya yamelala upande mmoja. Brashi peke yake isingeweza hilo.

Ndiyo maana nikiombwa maoni nageuza nyuma kwanza. Bitana ikiwa tupu, mishono imezunguka ukingoni tu, hiyo ni picha iliyovalishwa koti. Lakini basi tuwe waaminifu: kuna wanaonunua kitambaa kilichochapwa picha nzima kiwandani, wakapitisha mistari mitatu ya cherehani, na hakuna anayewauliza kitu. Aliyechora mwenyewe kwa mkono ndiye anaambiwa amedanganya!

Penye kushindania zawadi tu ndipo ningetenga vipengele. Viraka hupimwa kwa pembe zinavyokutana, na kitambaa kizima cha kupakwa rangi hakina pembe za kukutanisha.

Na kama ni wa kujifunika, usipake rangi sehemu inayofika shingoni, inakwaruza. Ule wangu wa kwanza sasa unafunika cherehani, na kazi hiyo inauweza.