Mbwa wangu ni mbebaji wa ugonjwa wa ini: je, nimpandishe?

SWALI: Daktari, nakusalimu kutoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, ninakoishi na familia yangu. Ninaye mbwa jike wa miaka mitatu wa aina ya Bedlington terrier, wale wenye manyoya kama ya mwanakondoo. Kipimo cha vinasaba kimeonyesha kwamba ni mbebaji wa ugonjwa wa shaba kwenye ini, ingawa mwenyewe ni mzima. Mfugaji mmoja ameniambia nimfunge kizazi. Mwingine ananipa dume wake aliyeshinda zawadi kwenye maonyesho, na anasema hana haja ya kumpima kwa kuwa hajawahi kuugua. Nimsikilize nani? Msomaji, Newcastle.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vema kumpima kabla ya kumpandisha, maana wapo wanaopima watoto wakiwa wameshauzwa. Hata hivyo, nakuomba usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na huyo wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi.

Ugonjwa huu katika mbwa wa Bedlington ulielezwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1975. Mwili huhitaji shaba kidogo tu, na ziada yake hutolewa na ini kupitia nyongo. Mbwa mgonjwa hushindwa kuitoa, ikazidi kujikusanya ndani ya chembe za ini hadi kuziua. Ini la mbwa mzima kwa kawaida huwa na chini ya mikrogramu 400 za shaba katika kila gramu ya ini lililokaushwa, ilhali la mgonjwa huweza kuwa na maelfu. Kinachonihuzunisha ni kwamba mbwa huyo huweza kula, kucheza na kupendeza mbele ya waamuzi kwa miaka kadhaa huku ini likiharibika, hivi kwamba anapoanza kutapika, kukonda na kugeuka macho kuwa ya manjano, tayari ameacha watoto katika nyumba nyingi. Ndiyo maana neno la mwenye dume kwamba hajawahi kuugua halithibitishi lolote.

Mwaka 2002 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waligundua kwamba kipande cha jeni, yaani kinasaba, ambayo leo huitwa COMMD1 kimepotea katika mbwa hawa. Anayeugua ni yule aliyerithi nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja, kama jike wako, haugui kwa sababu hiyo, ila huweza kuirithisha. Ukimpandisha na dume asiye na kasoro, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji, na hakuna atakayepata nakala mbovu mbili. Lakini kama dume huyo wa zawadi naye ni mbebaji, kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kuzaliwa mgonjwa. Mwombe mwenyewe ampime. Akikataa, tafuta dume mwingine bila kuona haya.

Kuhusu kumfunga kizazi, ningekubali kama angekuwa na kasoro nyingine, ya tabia au ya viungo. Bedlington ni wachache, na tukimwondoa kila mbebaji tutabaki na koo chache zinazooana zenyewe kwa zenyewe, na hapo magonjwa mengine yaliyojificha yataibuka. Mbebaji mwema apandishwe na asiye na kasoro, watoto wapimwe kwa kupanguswa ndani ya shavu, kisha wanaofuata kupandishwa wachaguliwe miongoni mwa wale waliotoka safi, ikiwa wana afya na tabia njema.

Usiridhike na karatasi isemayo kwamba dume ni safi kwa sababu tu wazazi wake walikuwa safi, kwani kipimo kilichotumika kabla ya 2002 kiliangalia alama iliyo jirani na jeni, si kasoro yenyewe, na wakati mwingine kilipotosha. Isitoshe, wamepatikana Bedlington wenye shaba nyingi kwenye ini ambao hawakukosa kipande hicho. Kwa hiyo, mbwa anayetarajiwa kuzalisha sana achunguzwe pia damu, na daktari wake akiona haja, achukuliwe kipande kidogo cha ini kupimwa kiasi cha shaba.

Andika kila kitu: nani amepandishwa na nani, matokeo ya kila mtoto, na mahali alikokwenda. Matokeo ya kipimo cha vinasaba yafikishe Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Uingereza, ili yaingie katika kumbukumbu wanazosoma wafugaji wengine, na mnunuzi mpe nakala yake. Mwombe akujulishe mbwa akiugua au akifa. Na kama mmoja wao atakufa akiwa na miaka minne au mitano bila sababu ya wazi, lipia uchunguzi wa ini lake, kisha mwarifu mwenye dume na wote walionunua ndugu zake, hata kama habari hiyo itakuuma.