Je, mionzi hutawanya uvimbe wa ubongo?

Dada wa Ngamiani, umeuliza kama mionzi aliyopangiwa baba Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, "itamtawanyia" uvimbe wa ubongo. Pole sana, na tafadhali msimkatishe matibabu kwa hofu hiyo. Mionzi hukatakata DNA ndani ya seli za saratani. Nyingi hazifi papo hapo, hufa zinapojaribu kujigawa, kwa hiyo msitarajie picha ya wiki ya kwanza ioneshe mabadiliko. Ni kweli, maabara zimeona baadhi ya seli zinazonusurika zikitembea zaidi. Lakini glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, huwa imeshapenyeza mizizi kabla mashine haijawashwa, ndiyo maana wanamulika na ukingo wake. Dozi ya kawaida kwa aina hiyo ni grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), zikigawanywa mara 30 kwa wiki 6. Ikirudi, mara nyingi hurudi palepale ilipoanzia.

Mjomba wangu tulimpandisha basi hapa Tanga hadi Dar. Kila siku kile kinyago cha plastiki wanachovalishwa kwenye mashine, kichwa kisitikisike, kilimwachia alama za wavu mashavuni. Baba akichoka na kusinzia zaidi mchana, msishtuke. Akiwa mgumu kuamka, akitapika au kichwa kikizidi kuuma, mwambieni daktari siku hiyohiyo.