Skuta na uanaume: jibu kwa msomaji wa Busia

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na kabla ya kuijibu nitaieleza kwa kifupi ili wasomaji wengine wafuate mazungumzo yetu. Wewe ni mwanamume wa miaka 32, mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Busia, upande wa Uganda, na umeoa. Mwanzoni mwa mwaka wewe na mkeo mlinunua skuta iliyotumika, ya rangi ya maziwa, yenye mwili wa mviringo na sakafu ya kuwekea miguu. Mkeo, ambaye huuza vitenge sokoni, alitoa sehemu kubwa ya fedha kutoka kwenye akiba ya kikundi chao, na kadi ya umiliki ina jina lake. Tangu hapo vijana wa steji ya bodaboda iliyo karibu na duka lenu hawakuachi upite bila neno. Wanakuuliza umeiazima kwa nani, wanakuita bibi harusi, na mfanyakazi mwenzako amesema mbele ya wateja kwamba chombo hicho kilitengenezewa wanawake. Sasa umempata mtu aliye tayari kuinunua kwa bei iliyopungua robo, nawe unataka kuongeza fedha upate Boxer, ile pikipiki ya bodaboda, kama wanaume wengine. Mkeo bado hajui. Unauliza: je, mtindo wa skuta unamfaa mwanamume, au unamdhalilisha?

Unamfaa. Nimelisema hilo mapema ili usiyasome yanayofuata kwa wasiwasi, maana barua yako ina jambo jingine zito kuliko skuta, nami nitalifikia.

Wanaokucheka hawakulizua jambo hili lote hewani. Mji wako ndio ulioiletea Afrika Mashariki bodaboda, pale wanaume wa miaka ya 1960 walipoanza kuwavusha abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo vya mpaka vya Uganda na Kenya. Baiskeli hizo zilikuwa na chuma kilicholala kati ya kiti na usukani, na zile zisizokuwa nacho ziliitwa za kike, kwa sababu chuma hicho kiliondolewa ili mwenye gauni aweze kupanda bila kuurusha mguu juu. Jicho la mtu aliyekulia kati ya baiskeli hizo likiuona uwazi uliopo kati ya kiti cha skuta na usukani wake, linakata shauri papo hapo kwamba hiki ni chombo cha kike. Ni desturi ya macho, na desturi ya macho ina nguvu, ndiyo sababu sikulaumu kwa kuumia.

Lakini hebu tujiulize ni nani mwingine katika nchi yetu huvaa vazi refu. Siku ya Ijumaa wanaume wa Busia, wa Bombo, wa Mbale na wa Kampala huenda msikitini wakiwa na kanzu, na katika sherehe za Baganda za kupeleka posa hakuna mwanamume anayeheshimika bila kanzu na koti juu yake. Mwanamume huyo akitaka kupanda Boxer hulazimika kuipandisha kanzu yake hadi magotini mbele ya wakwe, na hushuka akikagua pindo asije akakuta doa la mafuta au alama ya moto wa ekzosi. Kwenye skuta hupitisha miguu yake pale katikati, huketi kama aliyeketi sebuleni kwake, na kanzu hufika ilivyoondoka. Mtindo uleule unaoambiwa ni wa kike ndio unaomsitiri shehe na mzee wa ukoo. Wewe mwenyewe unaandika kwamba kazini unatakiwa uvae suruali ya kitambaa na shati jeupe, na kwamba katika msimu wa mvua ulikuwa ukifika ukiwa na matope hadi gotini ulipokuwa ukipanda bodaboda. Ile ngao pana iliyo mbele ya magoti yako iliwekwa kwa ajili ya matope hayo hasa.

Waliobuni umbo hilo walikuwa na shida hiyohiyo. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kilikuwa kikitengeneza ndege, kikapigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha mwenye kampuni, Enrico Piaggio, alitafuta chombo cha bei nafuu cha kumfikisha mtu kazini katika nchi yenye barabara zilizovunjika. Kazi alipewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki kwa sababu zilikuwa zikichafua nguo na kubadilisha tairi lake ilikuwa kazi ngumu. Akaificha injini nyuma chini ya kifuniko, akaweka sakafu ya miguu, akahamishia gia kwenye mkono wa usukani, na gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ili lifunguliwe kwa urahisi. Hiyo ndiyo Vespa iliyotoka mwaka 1946, na mwaka uliofuata washindani wao wa Milano wakatoa Lambretta. Walizipanda wanawake na wanaume, makarani, mafundi, na mapadri waliovaa majoho yao.

Miaka ya 1960 vijana wa kiume wa Uingereza waliojali sana mavazi walizifanya skuta hizo kuwa alama yao, wakiendesha ndani ya suti zilizokatwa vizuri, huku wakivaa koti kubwa la kijeshi juu ili suti isichafuke. Jeshi la Ufaransa, katika miaka ya 1950, liliwapa askari wake wa miamvuli Vespa iliyofungwa mzinga wa milimita 75. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka India, kwa sababu unagusa steji yenu moja kwa moja. Bajaj, kampuni ileile inayotengeneza Boxer ambayo vijana hao wanaiapia, ilijipatia jina kwao kwa skuta. Mwaka 1972 ilitoa skuta iitwayo Chetak, jina la farasi wa vita wa mfalme Maharana Pratap, na kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa ndoto ya kila baba wa familia: baba mbele akishika usukani, mama nyuma amekaa upande, na mtoto amesimama katikati ya sakafu. Kukipata, watu walisubiri zamu yao kwa miaka. Sisemi ubebe familia namna hiyo, kwa kuwa ni hatari, lakini hakuna aliyemwona baba yule kuwa pungufu.

Ni kweli pia kwamba baadaye kampuni kadhaa za India zilitoa skuta ndogo nyepesi na kuzitangaza waziwazi kwa wasichana, kwa rangi na picha walizodhani zitawavutia. Kwa hiyo mfanyakazi mwenzako akisema ameziona skuta zilizouzwa kwa wanawake, hasemi uongo. Hayo yalikuwa mambo ya biashara na matangazo.

Nimekutajia haya yote kwa ajili ya moyo wako, na ningekusihi usiende kuyahubiri stejini. Mtu anayecheka hatafuti historia ya Italia.

Sasa yapo maswali ya kweli ambayo mwanamume, au mtu yeyote, anapaswa kujiuliza kuhusu skuta, nami nasikitika kwamba barua yako haikugusa hata moja. La kwanza ni mwili wako. Keti juu yake, pinda usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uone kama mikono ya usukani inagonga magoti yako. Ikiwa wewe ni mrefu na inagonga, basi skuta hiyo haikufai, na sababu itakuwa urefu wa miguu yako. La pili ni magurudumu. Skuta nyingi zina magurudumu ya inchi 10 au 12, ilhali pikipiki za bodaboda huwa na inchi 17 au 18, na gurudumu dogo huzama shimoni pale ambapo kubwa lingepita juu. Unasema njia yako ya kila siku ni lami, isipokuwa kipande kifupi cha vumbi karibu na nyumbani. Hapo skuta itakutumikia vizuri ukiwa mpole. Ingekuwa unapeleka saruji vijijini kwenye njia za matope, ningekuambia leo hii utafute Boxer. Vijana wa steji wana sababu nzuri ya kuichagua: ina nguvu, vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye senta ndogo, na kila fundi anaijua. Ni chombo cha kazi yao, nao ni watu wanaolisha nyumba zao kwa jasho, hivyo usiwadharau hata kama maneno yao yamekuchoma.

La tatu ni breki. Kama skuta yenu ni ya kujibadilishia gia yenyewe, mkono wa kushoto ambao kwenye pikipiki ni klachi, kwenye skuta ni breki ya nyuma. Mtu aliyezoea Boxer akishtuka anaweza kuukaza kwa nguvu zote bila kufikiri, gurudumu la nyuma likateleza. Tafuteni uwanja mtupu, mfanye mazoezi ya kusimama ghafla, wewe na mkeo, mpaka mikono ijifunze. Na kwa kuwa mnaishi mpakani, mjihadhari na matrela: skuta ni nyepesi, na upepo wa trela linalopita kwa kasi kwenye barabara kuu unaweza kuisukuma. Usikae ubavuni mwake wala usijipenyeze kati ya malori mawili yaliyo kwenye foleni.

Nimefika kwenye lile jambo. Mwishoni mwa barua, baada ya kuniaga na kuweka jina lako, umeongeza mstari mmoja: kwamba siku za Jumamosi mkeo ndiye huendesha, nawe hukaa nyuma ukishika furushi la vitenge, na kwamba siku hizo ndizo kicheko kinapokuwa kikubwa. Mwanangu, mstari huo ndio barua yako. Ingekuwa umejinunulia skuta ileile kwa mshahara wako na kuipanda peke yako, ungecheka pamoja nao, na baada ya wiki mbili wangechoka. Kinachokuuma ni kwamba mji mzima umejua mkeo ana fedha, ana kadi yenye jina lake, na anajua kuendesha. Unataka kununua Boxer ili yeye asiweze kuiendesha kwa urahisi akiwa na gauni lake, na sidhani kama umewahi kujiambia hivyo kwa sauti.

Sikuhukumu. Wanaume wengi wa kwetu walilelewa wakiambiwa kwamba heshima ya nyumba iko mikononi mwa anayeshika usukani, na mtu hafuti malezi hayo kwa siku moja. Lakini tazama unachotaka kufanya: unataka kuuza, bila yeye kujua, mali ambayo kadi yake si yako, kwa hasara, kutoka kwenye akiba ambayo mwanamke huyo aliweka kidogo kidogo kila wiki sokoni, ili watu ambao hawakuchangia hata shilingi wanyamaze. Kisheria huwezi kuihamisha bila sahihi yake. Kindoa itakugharimu zaidi ya robo ya bei. Na ukiwa juu ya Boxer watapata la kusema kuhusu viatu vyako.

Hivyo nakuomba uzungumze na mkeo kabla ya kumjibu mnunuzi, usiku watoto wakishalala, bila simu mikononi. Usianze na skuta. Anza kwa kumwambia kwamba wanakucheka na kwamba unaumia, kwa sababu nina hakika ameona umebadilika na huenda anadhani kosa ni lake. Mshukuru kwa akiba yake, kama hukuwahi kufanya hivyo kwa maneno. Kisha muulize yeye anaonaje. Huenda akakubali mbadilishe rangi iwe nyeusi au ya buluu, jambo ambalo fundi wa rangi hulifanya kwa gharama ndogo, na hakuna ubaya wowote katika hilo mkiamua pamoja. Huenda akakataa kwa sababu anaipenda rangi ya maziwa. Mkiona baadaye kwamba kazi zenu zimekua na mnahitaji chombo cha kubebea mizigo, mtapanga kununua cha pili kwa majina mawili kwenye kadi, na skuta ikabaki ya mjini.

Kuhusu Jumamosi, endelea kukaa nyuma. Ila keti ukitanua miguu pande mbili badala ya kukaa upande, na furushi la vitenge liwekwe sakafuni mbele ya miguu yake ikiwa halimzuii kugeuza usukani, ili mikono yako iwe huru kushika. Vaeni kofia ngumu nyote wawili, kwa kuwa sheria ya Uganda inamtaka dereva na abiria wake wavae. Barua yako inataja kofia moja tu, ambayo mnaiachiana. Fedha uliyokuwa umeiweka kando ya kuongezea Boxer, toa humo ya kununua ya pili wiki hii, na mwache mkeo achague.

Wako,
Shangazi