Micromégas ya Voltaire: isome ukiwa na penseli na kikokotoo

Anayetaka kujua bunilizi za kisayansi za Wafaransa zilikuwaje kabla ya roketi aanze na Micromégas ya Voltaire, hadithi ya majitu mawili yanayokuja kuitembelea dunia kutoka angani, iliyochapishwa mwaka 1752. Ina sura saba fupi, inaisha jioni moja. Hakimiliki yake ilikwisha zamani, hivyo matini ya Kifaransa yako mtandaoni bure, na aliyesoma Kifaransa shuleni Bujumbura au Lubumbashi ataimudu.

Wengi huharibu usomaji wao kwa kuziruka namba. Usiziruke, maana utani umo humo. Micromégas, mgeni kutoka nyota ya Sirius, ana kimo cha ligi 8 (ligi ni kipimo cha kale cha umbali), na Voltaire mwenyewe anakufanyia hesabu: hatua 24,000 za futi 5 kila moja, yaani futi 120,000. Hii ni futi ya kale ya Ufaransa, sentimita 32.5 hivi, ukitumia ya Kiingereza utapata jibu pungufu. Jitu hili basi lina kilomita 39. Binadamu anapewa futi 5, kwa hiyo mgeni anatuzidi mara 24,000. Mwenzake wa safari, kutoka sayari ya Zohali, anayeitwa mbilikimo, ana futi 6,000: mara 1,200. Andika namba hizo mbili pembeni, na kila kipimo kikitokea, gawanya.

Jaribu sura ya 4. Mkufu wa almasi unakatika, na wasafiri wanagundua kwamba vito vyake vinakuza vitu. Mbilikimo anachukua cha upana wa futi 160, Micromégas cha futi 2,500. Gawanya kila kimoja kwa namba ya mwenyewe: sentimita 4 na kitu, na sentimita 3.4. Ni miwani ya kukuzia ya kawaida, inayoenea kiganjani! Lakini aya hiyohiyo inasema almasi kubwa kuliko zote ilikuwa na ratili 400, kama kilo 196. Almasi ya uzito huo haifikishi upana wa nusu mita, sembuse mita mia nane. Hapo hesabu inagoma, na usihangaike kuisuluhisha. Vilevile sayari ya Micromégas inadaiwa kuizidi dunia kwa mzingo mara 21,600,000, wakati uwiano wa vimo unadai 24,000 tu. Kwa namba hizo Voltaire anawacheka wataalamu kama Christian Wolff, mwanafalsafa Mjerumani aliyethubutu kukokotoa kimo cha wakazi wa Mshtarii.

Kuna watu wawili wa kuwafahamu kabla ya kuanza. Mbilikimo, ambaye hadithini ni katibu wa Akademia ya Zohali, ni mzaha juu ya Fontenelle, mwandishi aliyekuwa katibu wa Akademia ya Sayansi ya Paris; usipojua hilo, tashbihi zake zisizokwisha katika sura ya 2 zitakuchosha bure. Wa pili ni Maupertuis, mwanasayansi Mfaransa aliyekwenda Lapland, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1736 kupima urefu wa nyuzi moja ya meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini) na kurudi na ushahidi kwamba dunia imebonyea kwenye ncha. Meli wanayoikuta wageni katika Baltiki, Julai 1737, ndiyo yake.

Sura ya 3 inataja miezi miwili ya Mirihi, ambayo mwanaanga Mmarekani Asaph Hall aliiona mwaka 1877. Msiite utabiri. Jonathan Swift alishaitaja mwaka 1726 katika Safari za Gulliver, na hoja iliyomo hadithini ni dhaifu: Mirihi iko mbali na jua, itajimudu vipi kwa miezi pungufu ya miwili?

Sura ya 7 ndiyo ya kusoma polepole. Wanafalsafa wa melini wakiulizwa umbali wa mwezi, wote hujibu kwa pamoja: nusu-vipenyo 60 vya dunia, jibu ambalo ni sahihi mpaka leo. Wakiulizwa kuhusu roho, kila mmoja anashika lake. Mkisoma kikundini, gaweni sauti sita: wafuasi wa wanafalsafa Aristotle, Descartes, Malebranche, Leibniz na Locke, na daktari wa teolojia wa Sorbonne, chuo cha Paris. Wa Locke asome bila mbwembwe, kwani ndiye Voltaire anayemuunga mkono. Daktari mpeni mtu mwenye majivuno ya kuigiza. Asipokuwa na kiburi cha kutosha, kicheko cha majitu kinachoitikisa meli kitaonekana hakina sababu.